Krismasi ya mvua Buzebazeba: wageni wengi, vyandarua vitatu

Mvua ilianza saa nane mchana, siku mbili kabla ya Krismasi, na hadi saa kumi haikuonyesha dalili ya kuacha. Kwenye baraza ya nyumba moja ya Buzebazeba, mjini Kigoma, watoto wanne walikuwa wakipamba tawi la mvinje walilolisimamisha ndani ya ndoo ya mchanga. Watatu ni wa nyumba hiyo, mmoja ni wa jirani. Walikuwa na maputo matatu, nyota iliyokatwa kwenye boksi la biskuti, na furushi la pamba lililonunuliwa duka la dawa.

Bibi mwenye nyumba akauliza pamba ni ya nini.

"Theluji, bibi. Krismasi inatakiwa iwe na theluji."

Bibi akatazama nje. Mtaro wa barabarani ulikuwa umeshafurika na maji mekundu yalikuwa yanakatiza uani. Akasema hiyo iliyopo inatosha.

Buzebazeba ni moja ya kata 19 za Manispaa ya Kigoma-Ujiji, mji unaokaa kando ya Ziwa Tanganyika na unaoishi kwa ziwa hilo. Kadi na filamu za Krismasi zinatoka nchi ambazo Desemba ni baridi na theluji. Huku Desemba ni katikati ya mvua. Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba na kwenda hadi Aprili, kwa hiyo sikukuu inawakuta watu na tope miguuni.

Mwenye mtoto mchanga anaijua Desemba hiyo kwa nepi. Zikifuliwa leo hazikauki kesho, mwisho zinatundikwa jikoni juu ya moto na mtoto anashinda akinukia moshi. Mkaa unalowa. Viatu vipya vya kanisani vinabebwa mkononi na kuvaliwa mlangoni, miguu ikishasuuzwa kwa maji ya kopo. Lakini watoto wakubwa wakubwa hawana lalamiko. Mvua ikikatika jioni, kumbikumbi wanatoka kwa mamia na kuzunguka taa, na aliye na beseni la maji anawakamata kwa ajili ya kikaangio. Embe zinaanguka zenyewe usiku, na wa kwanza kuamka ndiye mwenye nazo.

Jioni hiyo wageni wakafika. Alikuwa binti wa bibi, aliyeolewa Marangu mkoani Kilimanjaro, na watoto wake watatu: mvulana wa miaka minane, msichana wa miaka mitano, na kitinda mimba wa miezi 14. Walikuwa barabarani karibu siku mbili kwa basi, kupitia Singida na Tabora. Desemba nchi nzima inapanda Moshi, na kila mwaka watu hutaniana kwa hilo. Wao walikuwa wanatoka Moshi. Mume alibaki, kwa sababu kwao Krismasi ikipita mtoto wa kiume hajaonekana mgombani, maswali hayaishi hadi Pasaka.

Binamu zake walimzunguka yule mvulana kabla hajavua viatu. Walitaka kujua habari za theluji kutoka kwa mtu aliyeishi nayo. Umewahi kuishika? Ina ladha gani? Mvulana akajitetea kwamba theluji iko juu sana, wao huiona asubuhi tu mawingu yakiondoka, na mama yake hajawahi kuishika wala baba yake. Walikata tamaa waziwazi. Kwa kweli hata anayoiona ni kidogo kuliko waliyoiona babu zake. Kilele cha Kibo kina mita 5,895, lakini barafu yake imepungua sana tangu ilipopimwa mwaka 1912, na sehemu kubwa haipo tena.

Chakula cha usiku kilikuwa ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese. Baada ya hapo likaja suala la kulala.

Nyumba hiyo ina vyumba vitatu na vyandarua vitatu. Siku za kawaida wanalala watu saba: babu na bibi, mjomba na mkewe, na watoto wao watatu, na vyandarua vinatosha. Usiku huo walikuwa 11. Kesho yake angefika mama mdogo kutoka Kasulu na watoto wawili, wawe 14, na wanane kati yao ni watoto. Kwa wageni wa kiasi hicho kuna utaratibu ambao haujabadilika tangu zamani: jamvi linatandikwa sebuleni, magodoro yanaungwa, na watoto wote wanalala hapo mstari mmoja kama dagaa mchangani.

Wengi waliokulia Kigoma wanalikumbuka jamvi hilo kwa furaha. Ndipo zilipotolewa hadithi za sungura kwa Kiha, ndipo watu walipotekenyana hadi babu akakohoa chumbani kwake kuwaonya. Ukiwauliza watu wazima Krismasi ya utotoni ilikuwaje, wengi hawataji pilau. Wanataja kulala sebuleni.

Binti akafungua begi na kutoa vyandarua viwili, vipya, vimekunjwa.

Mkewe mjomba akatazama pembeni. Kwa wenyeji wengi kitendo hicho hakina tofauti na mgeni kuja na sufuria yake. Kinasema jambo kuhusu nyumba hata kama mgeni hakukusudia kusema lolote.

"Mwanangu," bibi akasema, "umekuja na nyumba yako?"

"Hapana mama. Nimekuja na kitanda cha watoto."

Kulikuwa na jambo ambalo mama huyo hakuwahi kumsimulia mzazi wake lote. Mara ya mwisho alipoleta watoto Buzebazeba ilikuwa miaka mitatu nyuma. Msichana wake alikuwa na miaka miwili, akalala kwenye jamvi hilohilo na binamu zake, siku tisa, bila chandarua. Walirudi Marangu salama tarehe 3 Januari. Tarehe 8 mtoto akapata homa. Mama alidhani ni uchovu wa safari na baridi ya mgombani baada ya joto la ziwani. Akampa dawa ya maji ya kushusha homa, homa ikashuka, ikarudi. Siku ya pili vilevile. Usiku wa tatu mtoto akapata degedege.

Majirani wawili walisema asiguswe, mambo hayo yana wenyewe. Shemeji yake akamchukua mtoto mikononi na kwenda naye hospitali kwa gari la kuazima. Alikuwa na malaria kali na damu ilikuwa imepungua, ikabidi aongezewe. Mtabibu wa zamu alipouliza kama mtoto amesafiri karibuni, mama ndipo alipozihesabu siku. Hadi dakika hiyo hakuwa ameunganisha homa ya Marangu na jamvi la Kigoma.

Mtoto alipona. Buzebazeba walipopiga simu waliambiwa ni mafua. Aliogopa kusema kwa sababu alijua itakavyosikika: nyumba yako imemuuguza mwanangu.

Usiku huo, watoto wakigombania nafasi kwenye jamvi, akaisimulia yote. Bibi alisikiliza bila kuingilia. Mwisho akasema, "Kumbe mliniambia ni mafua." Akakaa kimya kidogo, kisha akamwita mwanawe alete nyundo.

Malaria ina hesabu yake, na hesabu hiyo ndiyo inayowachanganya wazazi wanaosafiri. Mbu jike wa anofelesi huuma usiku, kuanzia giza linapoingia hadi alfajiri. Akishamwambukiza mtu, vimelea huingia kwanza kwenye ini na kukaa humo kimya, ndipo vinapoingia kwenye damu. Homa kwa kawaida hujitokeza siku 7 hadi 15 baadaye, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo mtoto aliyeumwa na mbu mkesha wa Krismasi huonekana mzima Krismasi yote, mwaka mpya anacheza, na homa inampata nyumbani kwao, shule zikikaribia kufunguliwa, wakati hakuna anayekumbuka tena kama alilala wapi.

Jambo la pili ni anakotoka mtoto. Katika utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017, Kigoma iliongoza nchi nzima: karibu watoto 24 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikutwa na vimelea. Kilimanjaro, Arusha na Manyara walikuwa chini ya mtoto mmoja kati ya 100. Mtoto wa Buzebazeba anayeumwa na mbu mara kwa mara hujenga kinga kiasi kadiri anavyokua, ingawa haitoshi kumwacha bila chandarua, na malaria inaua watoto wa Kigoma pia. Mtoto wa Marangu hana hata hiyo kidogo. Wawili hao wakilala jamvi moja na kuumwa na mbu mmoja, yule mgeni ndiye atakayeugua vibaya zaidi, na ataugulia mahali ambapo malaria si jambo la kwanza kuwajia watu kichwani.

Na Desemba mbu hawana shida ya maji. Shimo lililochimbwa udongo wa matofali, alama za kwato, dimbwi la barabarani lililokaa wiki mbili: yote yanatosha. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 10 hivi kukiwa na joto. Kufukia madimbwi yaliyo jirani na nyumba kunasaidia, ila hakuna familia itakayoyafukia yote katika msimu kama huu. Kinachobaki mikononi mwa mzazi ni pale mtoto anapolala.

Mjomba alipigilia misumari minne ukutani, akapima kamba za katani, akagundua upande mmoja hauna ukuta wa karibu. Viti viwili vikapandishwa juu ya meza na kamba ikafungwa hapo. Chandarua cha kwanza, cha mstatili, kikafunika magodoro mawili na watoto wanne waliolazwa kwa upana badala ya urefu. Cha pili kikasubiri wa Kasulu. Pindo lilichomekwa chini ya godoro pande zote, maana likining'inia tu mbu anapita chini. Vyote viwili vilikuwa vimetundikwa kivulini siku nzima huko Marangu kabla ya safari, kama inavyoshauriwa kwa chandarua kipya chenye dawa, ili kisiwashe ngozi.

Bibi akataka na chake kitolewe chumbani kiwekwe akiba. Babu akapinga. Alisema wazee nao wana damu.

Inafaa kusema kwamba vyandarua si kitu kigeni Kigoma. Mjamzito hupewa kliniki, na mtoto hupewa chake akipelekwa chanjo ya surua ya miezi tisa. Tatizo ni kwamba vinahesabiwa kwa wenye nyumba, havihesabiwi kwa wageni. Vingine huchakaa, vingine vinafunika vifaranga au bustani ya mchicha, na yeyote aliyekaa mwambaoni anajua kuwa vingine vimeishia ziwani vikivua vidagaa visivyofaa kuvuliwa. Familia inayopanga sikukuu huhesabu kilo za mchele, kuku, soda na nguo za watoto. Ni wachache wanaohesabu vitanda, na wachache zaidi wanaohesabu vyandarua.

Asubuhi mtoto wa jirani alichungulia mlangoni, akaona kile kitambaa cheupe kimejaa sebule nzima na vichwa vinatokeza, akatangaza kwamba theluji imefika. Tawi la mvinje likasahauliwa. Kuanzia hapo hadi mwaka mpya, kulala kwenye theluji ndiyo ikawa zawadi, na aliyekataa kuoga alitishiwa kulazwa nje yake.

Mkesha una mtego wake. Misa ilianza usiku, ikaisha usiku zaidi, na watoto wadogo walilala kwenye mabenchi wakiwa na vigauni vya mikono mifupi. Mama wa Marangu aliwavalisha wake soksi ndefu na sweta zao za nyumbani, binamu zao wakawacheka kwa joto lile. Waliporudi saa saba kasoro, kila mmoja alisukumwa chini ya chandarua na nguo zake.

Siku yenyewe ya Krismasi kuku walichinjwa na jirani Mwislamu, mzee ambaye watoto wa pande zote mbili za ua humwita babu. Huo ni utaratibu wa kawaida hapa, kwa sababu sehemu kubwa ya pilau italiwa na majirani, na Ujiji na mitaa yake ni mji wa Waislamu wengi. Sikukuu ya Idi sahani zinakuja upande huu zimefunikwa kawa, Krismasi zinarudi upande ule. Kufika saa nane, watoto wa nyumba tatu walikuwa wanakula kwenye sinia moja, na ilikuwa vigumu kujua nani wa nani.

Hapo ndipo bibi aliposimama imara. Beseni la maji yanayomiminwa na sabuni vilikaa mlangoni, hakuna mkono uliofika kwenye sinia bila kupita hapo. Maji ya kunywa yalichemshwa jana yake, ndoo ikafunikwa, na embe zilioshwa kabla ya kuliwa. Watu wa Kigoma hawahitaji kufundishwa kuhusu maji machafu. Mwaka 2015 kipindupindu kilipolipuka Kagunga, kijiji cha ufukweni kilichojaa wakimbizi waliotoka Burundi, mkoa mzima uliona kinavyokwenda haraka. Mmoja wa watoto wa Kasulu aliharisha tarehe 26, kwa embe zaidi ya kitu kingine, akapewa maji ya chumvi na sukari ya pakiti yaliyokorogwa kwenye lita moja ya maji safi, kidogo kidogo kwa kijiko, pamoja na vidonge vya zinki ambavyo huendelea kutumika siku 10 hadi 14 hata choo kikishakuwa kizuri. Mama yake aliendelea kumpa uji. Jioni alikuwa anaomba embe nyingine.

Ziwani walikwenda mara moja tu. Maji ya Tanganyika ni maangavu hivi kwamba mgeni hudhani ni ya kina kifupi, na hilo ni ziwa la pili kwa kina duniani, lenye karibu mita 1,470 pale penye kina kirefu zaidi. Mjomba aliwaweka watoto mahali pa mchanga, mbali na majani ambako konokono wa kichocho hupenda kukaa, na yeye mwenyewe alisimama ndani ya maji hadi kiunoni muda wote bila kushika simu. Walikaa nusu saa. Kisha mvua ikaja kutoka upande wa milima ya Kongo, wakaiona ikitembea juu ya maji kabla haijawafikia, wakakimbia.

Wageni wa Marangu waliondoka tarehe 2 Januari, alfajiri, kwenye tope. Bibi aliwasindikiza stendi na galoni la mawese, dagaa za mkwe zilizofungwa kwenye gazeti na embe zisizoiva za kuivia njiani. Binti alijaribu kuacha vyandarua vyote viwili. Mama yake akakubali kimoja, kile cha sebuleni, akasema misumari tayari ipo. Kingine alikirudisha kwenye begi kwa mkono wake, kwa ajili ya usiku wa kulala njiani.

Safari hii mama alirudi na kalenda kichwani. Alimwambia mume, mwalimu wa darasa la chekechea na shemeji yule mwenye kujua kuazima gari: hadi mwisho wa Januari, mtoto yeyote akipata joto, ni kituo cha afya siku hiyohiyo, si kesho yake, na neno la kwanza kwa mtabibu ni kwamba tulikuwa Kigoma. Kipimo ni tone la damu kidoleni na majibu hutoka ndani ya dakika kama 20. Ikiwa ni malaria, dawa mseto humezwa siku tatu hadi iishe hata kama mtoto ameamka anacheza. Ikiwa hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au amepata degedege, hapo hakuna kusubiri asubuhi.

Buzebazeba walipiga simu kila jioni. Bibi hakuuliza mnaendeleaje, aliuliza nani ana joto.

Tarehe 9 yule kitinda mimba akaamka na homa. Saa mbili asubuhi alikuwa kituoni mgongoni mwa mama yake, na muuguzi akaambiwa habari za Kigoma kabla hajafungua kadi. Kipimo kikaonyesha hana malaria. Yalikuwa mafua, kamasi zikaanza kuonekana mchana huo. Muuguzi akasema arudishwe kupimwa tena homa ikiendelea baada ya siku mbili, haikuendelea.

Bibi aliposikia jioni kwamba ni mafua, akataka asomewe kadi ya kliniki neno kwa neno. Akasomewa. Ndipo akauliza kama mkwe ameshakula dagaa zake.